Ada ya Wazazi, Uwanja wa Serikali: Tathmini ya Klabu ya Michezo ya Watoto Mjini Moshi

Klabu ninayoitathmini hapa inaendeshwa na wazazi wenyewe mjini Moshi. Inapokea watoto wa kuanzia miaka 7 hadi 15, na inafundisha mpira wa miguu, netiboli na riadha katika uwanja wa shule ya msingi ya serikali. Ada yake ni shilingi 40,000 kwa mwezi kwa kila mtoto, pamoja na shilingi 20,000 za kujiunga ambazo hulipwa mara moja tu. Watoto wangu wawili ni wanachama. Jina la klabu na la shule nimeyaacha kwa makusudi, kwa kuwa sehemu ya maelezo haya inawahusu watoto wa watu wengine, na sehemu nyingine ni malalamiko ambayo uongozi haujayajibu. Kwa mzazi asiye na muda wa kusoma hadi mwisho, niseme mapema kwamba mafunzo yanastahili ada inayotozwa, na pengine yanastahili zaidi. Kinachonitia shaka ni namna klabu inavyoishi na shule inayoipa uwanja.

Ili kuelewa kwa nini klabu ya watu binafsi iko ndani ya uzio wa shule ya umma, inafaa kukumbuka hali ya michezo shuleni kwetu. Wazazi wa rika langu hawajasahau mwanzoni mwa miaka ya 2000, serikali iliposimamisha mashindano ya michezo shuleni, hadi UMITASHUMTA kwa shule za msingi na UMISSETA kwa sekondari yaliporejeshwa baadaye katika muongo huohuo. Mashindano yalirudi, lakini katika shule nyingi mazoezi ya kila wiki hayakurudi na nguvu yake ya zamani. Ruzuku ya uendeshaji ya shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka ina mengi ya kugharamia, kuanzia chaki na mitihani hadi ukarabati, kabla mpira haujakumbukwa. Na tangu elimu bila malipo ianze Januari 2016, kufuatia Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015, mwalimu mkuu mwenye busara hujiuliza mara mbili kabla ya kuwaita wazazi na kuwaomba fedha za nyavu. Upande wa pili wako wazazi wanaosomesha watoto katika shule za mchepuo wa Kiingereza, ambao fedha wanazo lakini shule zao, hasa zile zilizobanwa katikati ya mji, hazina uwanja wa maana. Mwenye uwanja hana mipira, mwenye mipira hana uwanja. Klabu yetu imezaliwa hapo.

Nianze na mafunzo, kwa kuwa ndiyo bidhaa tunayoinunua. Mazoezi hufanyika Jumanne na Alhamisi kuanzia saa 10 jioni, na Jumamosi asubuhi. Klabu ina makocha wawili wa kulipwa, mmoja wao akiwa na leseni ya ukocha ya daraja D ya CAF, Shirikisho la Soka la Afrika, na wazazi kadhaa wanaojitolea. Watoto hugawanywa kwa umri katika makundi madogo, na kila watoto wawili hupewa mpira mmoja, jambo ambalo katika mazoezi mengi ya watoto hapa mjini ni anasa, kwani kawaida ni mpira mmoja kwa watoto thelathini, na wenye nguvu ndio wanaougusa. Wadogo hutumia mpira namba 4, na magoli yao madogo yametengenezwa kwa mabomba ya plastiki yaliyofungwa nyavu za kuvulia samaki. Hawachezi kumi na mmoja kwa kumi na mmoja kabla ya kutimiza miaka 12. Baadhi ya akina baba walilalamikia hilo mwanzoni, wakidai kwamba watoto wanachezeshwa chandimu kwa ada, mpaka walipoona kwamba katika uwanja mdogo mtoto hupata mpira mara nyingi na hulazimika kuamua haraka.

Kuna jambo moja ambalo limenifanya nimheshimu kocha wa kundi la chini ya miaka 10. Mtoto akikosea pasi, kocha hapigi filimbi wala kupaza sauti. Huingia uwanjani, huchuchumaa ili macho yake yalingane na ya mtoto, kisha humuuliza: "Ulimwona nani wakati ule?" Mtoto hujibu, mara nyingi kwa kuonyesha kidole, na mchezo huendelea. Nimemsikia akiuliza swali hilo jioni nzima bila kuchoka. Binti yangu, ambaye kwa muda mrefu alikuwa akiukimbia mpira badala ya kuukimbilia, sasa hugeuza kichwa kutazama wenzake kabla mpira haujamfikia. Sijui kama atawahi kuchezea timu yoyote kubwa, wala si hilo lililonipeleka pale, lakini hicho ni kitu ambacho mtu amemfundisha, na nakiona kwa macho.

Klabu pia imefanikiwa kutunyamazisha sisi wazazi. Kamba ya katani imefungwa kutoka mti hadi mti upande wa mashariki wa uwanja, na mzazi haruhusiwi kuivuka wala kutoa maelekezo kwa mchezaji. Anayekiuka mara ya kwanza huonywa, mara ya pili huombwa akasubiri nje ya geti. Mwenyekiti mwenyewe aliwahi kusubiri nje. Netiboli, kwa upande mwingine, imeachwa nyuma: goli ni moja, mwalimu wake huja siku moja tu kwa wiki, na mabinti wengi wameishia kuhamia mpira wa miguu. Riadha ni ya Jumamosi tu, na hupata uhai kila inapokaribia Kilimanjaro Marathon, mbio zilizoanza mwaka 2003 na ambazo huanzia na kuishia katika Uwanja wa Ushirika hapahapa Moshi. Watoto wakubwa hushiriki zile za kilomita 5, na kwa wiki kadhaa kabla yake hakuna anayetaka kukosa mazoezi. Baada ya hapo hamasa hushuka. Ni ajabu kidogo kwa klabu ya kanda iliyomkuza Filbert Bayi, aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 kule Christchurch mwaka 1974 kwa dakika 3 na sekunde 32.2, kwamba kukimbia ndiko kunakofanywa kama nyongeza.

Sasa nije kwenye uhusiano na shule.

Makubaliano yapo kwa maandishi, na klabu inastahili sifa kwa hilo, kwa sababu wengi huingia viwanja vya shule kwa kuombana tu na mwalimu mkuu. Mhazini alinionyesha nakala bila kusita nilipoomba, akaniambia, "Mzazi mwenzangu, ungeuliza siku ya kwanza ungeonyeshwa siku ya kwanza." Ni kurasa mbili, zenye saini za mwenyekiti wa klabu, mwalimu mkuu na mwenyekiti wa kamati ya shule. Klabu inapewa uwanja baada ya saa za masomo na Jumamosi. Kwa upande wake inatakiwa kuchora mistari kwa chokaa, kutengeneza nguzo za magoli, kuiachia shule mipira sita kila mwanzo wa muhula, kulipa nusu ya gharama ya maji ya tangi lililo karibu na vyoo, na kutoa nafasi 20 za bure kwa wanafunzi wa shule hiyo. Saini isiyoonekana pale ni ya mkurugenzi wa manispaa au mwakilishi wake, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo kasoro ya kwanza. Shule ya serikali ni mali ya umma iliyo chini ya halmashauri. Mwalimu mkuu akihamishwa, na walimu wakuu huhamishwa, anayekuja anaweza kuzikunja kurasa hizo mbili na kuzitia kabatini. Klabu yenyewe imesajiliwa kwa Msajili wa Vyama vya Michezo na Vilabu, kama inavyotakiwa chini ya Sheria ya Baraza la Michezo la Taifa Namba 12 ya mwaka 1967, na karatasi zake zilipitia kwa afisa michezo. Kwa hiyo njia ya kufika manispaa inaijua vizuri.

Ahadi za vifaa zimetimizwa. Mistari inachorwa, nguzo zimepakwa rangi, mipira niliiona ofisini kwa mwalimu wa michezo ikiwa imeandikwa jina la shule kwa wino usiofutika. Nafasi 20 za bure ndizo zenye hadithi ndefu.

Mwanzoni nafasi hizo zilikuwa za bure kwenye karatasi tu. Klabu ina kanuni kwamba mtoto asiye na njumu na vizuia ugoko hachezi, kanuni yenye mantiki kwa usalama, lakini njumu za mtumba zenye hali nzuri pale soko la Memorial huuzwa kwa bei ambayo mzazi wa Pasua au Njoro anaweza kununulia chakula cha nyumba nzima kwa siku kadhaa. Matokeo yake, watoto waliochaguliwa na shule walikuja, wakasimama nyuma ya kamba pamoja na wazazi, wakawatazama wageni wakicheza katika uwanja wa shule yao. Aliyeliona hilo kama aibu, na si kama utaratibu, ni mama mmoja ambaye hana cheo chochote katika klabu. Alileta sanduku la bati, lile la bweni lenye kufuli, akawaomba wazazi waweke humo njumu zinazowabana watoto wao badala ya kuzitupa. Leo sanduku lina jozi nyingi, kila moja ikiwa na namba ya kiatu iliyoandikwa kisiginoni kwa kalamu nyeupe. Mtoto yeyote, awe wa ada au wa bure, huchukua jozi kabla ya mazoezi na kuirudisha ikiwa imepanguswa matope. Mwanangu wa kiume huvaa njumu za sanduku kwa hiari yake, kwa sababu anaamini jozi fulani ya bluu ina bahati. Katika klabu nzima hakuna kilichofanya kazi vizuri kuliko sanduku lile, na halikugharimu hata shilingi ya ada.

Tatizo la pili halijapata sanduku lake. Mwalimu wa michezo wa shule ni miongoni mwa wanaofundisha katika klabu, na hulipwa posho ya mwezi. Sina ugomvi na posho hiyo. Ni mwalimu hodari, anafanya kazi baada ya saa zake, na haingekuwa haki ajitolee huku wengine wakilipwa. Lakini siku za klabu, Jumanne na Alhamisi, ndizo zilizokuwa siku za timu ya shule. Sasa timu ya shule, yenye watoto wa shule ambayo mikondo yake inajaa hadi dirishani, inafanya mazoezi Jumatano peke yake, na Jumatano ikiingiliwa na kikao cha walimu au mvua ya masika, wiki imekwenda. Hakuna aliyepanga iwe hivyo. Ilitokea tu kwamba upande unaolipa ulichagua siku kwanza. Nimelisema jambo hili katika kikao cha wazazi, nikajibiwa kwamba klabu "inawachukua vipaji vyao" kupitia zile nafasi 20, kana kwamba watoto waliobaki walikuja shuleni kwa bahati mbaya. Kwangu, hili ndilo jambo zito kuliko yote katika tathmini hii, na dawa yake si ngumu: klabu ihame Alhamisi iende Ijumaa, au kocha mmoja wa kulipwa aifundishe timu ya shule siku moja kwa wiki kama sehemu ya kodi ya uwanja.

Katikati ya mwaka, mashindano ya UMITASHUMTA yanapoanzia ngazi ya kata, uhusiano huu hupata majaribu ya aina nyingine. Kila mtoto hutakiwa kuchezea shule anayosoma. Mwaka jana alijitokeza mzazi, nadhani kwa nia njema ya kuisaidia shule inayotupa uwanja, akapendekeza kwamba wachezaji watatu wa klabu wanaosoma shule binafsi waandikwe kwa muda kama wanafunzi wa shule hii. Kwa lugha ya uwanjani hao ni mamluki, na hakuna aliyecheza michezo ya shule nchini asiyejua chuki inayofuata baada ya mamluki kugunduliwa. Mwalimu wa michezo alikataa palepale. Alisema ana watoto wake na atakwenda nao hivyohivyo walivyo. Walicheza, wanne kati yao wakiwa wa zile nafasi za bure, na walifika ngazi ya wilaya kabla ya kutolewa. Baada ya hapo uongozi wa klabu uliandika katika kanuni zake kwamba kupendekeza au kushiriki udanganyifu wa shule au wa umri ni kosa la kufukuzwa. Cheti cha kuzaliwa sasa hukaguliwa wakati wa kujiunga, na kwa hiyo vijeba, yaani wachezaji waliozidi umri, hawana nafasi.

Kuhusu kumbukumbu, nilikuta jambo lililonisikitisha. Watoto wanaolipa ada wameandikwa katika rejista ya klabu: jina, tarehe ya kuzaliwa, namba za simu za wazazi wawili, mzio wa dawa au chakula, na mahudhurio. Watoto wa nafasi za bure wako katika daftari la mazoezi la kurasa 48 linalokaa kwa mwalimu, lenye majina na madarasa tu. Mtoto akivunjika mkono Alhamisi jioni, wa kwanza mzazi wake atapigiwa simu ndani ya dakika moja. Wa pili, tutaanza kuuliza wenzake nyumbani kwao ni wapi. Kuna na suala la mbali zaidi. Kila mzazi pale ana Samatta wake kichwani, yule aliyetoka TP Mazembe kwenda Genk Januari 2016 na kufika Aston Villa mwaka 2020, na ingawa ndoto hizo nyingi hazitatimia, kanuni za FIFA huhesabu miaka ya malezi ya mchezaji kuanzia msimu anaotimiza miaka 12, na mchezaji akihamishwa kimataifa kwa ada, asilimia 5 hutengwa kwa ajili ya klabu zilizomlea zikiwa zimeandikishwa ipasavyo. Klabu yetu haijafika huko. Ila ikifika, mtoto aliye katika daftari atakuwa kama hakuwahi kufundishwa. Mhazini ameahidi kuunganisha orodha hizo mbili, na sijaona bado.

Mambo mengine nitayapitia upesi. Sanduku la huduma ya kwanza lipo na lina vifaa, na mama mmoja muuguzi huhudhuria Jumamosi. Vyoo hufunguliwa, na ufunguo uko kwa mlinzi wa shule. Mtoto haruhusiwi kuondoka na bodaboda ambaye mzazi hajamtambulisha, kanuni iliyotusumbua sote na ambayo nisingependa ilegezwe. Picha za watoto hutumwa katika kundi la wazazi la WhatsApp bila kuulizana sana, jambo linalohitaji idhini ya maandishi ya mzazi, hasa kwa watoto wa nafasi za bure ambao wazazi wao wengi hawamo katika kundi hilo na hawajui kwamba picha zipo. Mapato na matumizi husomwa kila robo mwaka, stakabadhi zikiwa mezani. Kwamba nahodha wa timu ya chini ya miaka 13 ni mtoto wa katibu, nalisema kwa sababu wengi wananong'ona, lakini kwa niliyoyaona uwanjani mtoto yule angechaguliwa hata kama baba yake angekuwa muuza kahawa wa Majengo.

Kwa mzazi anayefikiria kujiunga: kama unatafuta mahali ambapo mtoto atafundishwa kwa utulivu, na watu wanaomjua kwa jina, basi nenda, na uende siku ya Alhamisi ukasimame nyuma ya kamba kabla ya kulipa chochote. Kama unatafuta vikombe na safari za Dar es Salaam, utakereka. Mtoto wa shule yenyewe aombewe nafasi kupitia mwalimu wa michezo mwanzoni mwa muhula, kwani nafasi 20 hujaa mapema, na mzazi asizuiliwe na suala la njumu. Ukiwa na mtoto anayependa netiboli, subiri kwanza.

Mkutano mkuu wa Januari utajadili pendekezo la kupandisha ada hadi shilingi 50,000, hasa ili kuongeza kocha wa tatu. Nitaliunga mkono iwapo kocha huyo atapangiwa timu ya shule Jumanne au Alhamisi, majina yaliyo katika daftari yatahamishiwa kwenye rejista, na makubaliano ya uwanja yatapelekwa manispaa yakasainiwe. Bila hayo nitapiga kura ya hapana, na nitaendelea kulipa 40,000.